Ujira si sadaka: Kibarua wa Kariakoo katika mizani ya Uislamu

  

Ndugu msomaji, baada ya darsa moja ya Maghrib, kijana ambaye ni msaidizi wa duka mtaa wa Narung'ombe aliniuliza swali ambalo kwa haraka niliona ni dogo. Alitaka kujua kama zaka ya fitri inamlazimu yeye mwenyewe au tajiri wake ndiye wa kumtolea. Ili nimjibu vizuri nikamuuliza analipwa kiasi gani kwa mwezi. Akanyamaza, kisha akacheka. Hakuwa anajua.

Miaka minne anafungua duka saa moja asubuhi na kulifunga saa kumi na mbili jioni. Akipata cha juu anakula. Tajiri akiwa na furaha anampa elfu kumi. Ramadhani anapewa kanzu na mchele, na mama yake alipougua huko kijijini alipewa laki moja ya matibabu. Lakini mshahara hasa, wa kusema mwisho wa mwezi nina kiasi fulani, haupo na haujawahi kutajwa. "Ustadhi," akaniambia, "sisi pale tunaishi kama familia."

Nilimjibu kwamba fitri inamlazimu mwenyewe, akiwa na ziada ya chakula cha usiku wa Idi na mchana wake, kwa sababu yeye si mtoto wa yule tajiri, si mkewe wala si mzazi wake. Kuwa "kama familia" hakumwingizi mtu katika watu ambao fitri yao iko juu ya mwenye nyumba. Na tajiri akifariki leo, kijana yule hatarithi hata ubao wa kuning'inizia viatu. Basi tukabaki na swali kubwa kuliko alilokuja nalo: yeye ni nani pale dukani?

Niseme mapema kwamba tajiri huyo si mtu mbaya. Ni mtu wa swala tano, wa safu ya mbele, na kila mwaka hufuturisha. Ndiyo maana jambo hili linahitaji darsa. Dhulma ya mtu mwovu kila mmoja anaiona. Dhulma inayofanywa na mtu mwema, huku anaamini kwamba anasaidia, hupita miaka bila kuulizwa.

Mtaa uliopewa jina la wapagazi

Watu wengi wanaokwenda kununua mzigo Kariakoo hawajui kwamba jina lenyewe ni la vibarua. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa katika eneo hili. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Nairobi nako iko Kariokor, kwa asili hiyo hiyo. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza katika vita vile vya Afrika Mashariki walizidi 90,000, na maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Wako waliojiandikisha na wako waliokamatwa kwa nguvu vijijini. Wengi walizikwa njiani bila majina yao kujulikana sawasawa, na kwa hiyo ujira wao haukuwafikia warithi. Sanamu ya Askari pale mjini, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja na wapagazi katika maandishi yake. Jiwe wamepata, haki zao wengi hawakupata.

Na hilo neno "kibarua" lenyewe tulitazame. Ni barua ndogo. Mfanyakazi wa siku alikuwa na kikaratasi chake kuwa ushahidi wa kazi aliyofanya. Zanzibar katika karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa walioachiwa na mabwana zao watafute kazi za siku mjini, kisha sehemu ya pato wakaipeleka kwa bwana. Ukaja ukoloni na kipande chake, kadi ya kuhesabia siku za kazi mpaka zitimie 30. Hayo yote yalikuwa na dhulma ndani yake, na makuli wa bandari ya Dar es Salaam hawakugoma bure mwaka 1939, wakagoma tena 1943 na 1947. Lakini angalau palikuwa na karatasi. Leo kibarua wa Kariakoo amebaki na jina la barua bila barua yenyewe.

Hali hii si ya Kariakoo peke yake. Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 2018 lilikadiria kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wafanyakazi wote duniani, wamo katika ajira zisizo rasmi. Huko Ulaya na Marekani nako wasomi wamekuwa wakiandika vitabu kuhusu tabaka jipya la watu wenye kazi lakini hawana uhakika wa kesho. Kwetu sisi tabaka hilo si jipya. Ni sisi wenyewe, baba zetu na babu zetu.

Je, kibarua ni haramu?

Hapa wapo ndugu zetu wenye ghera ambao hukimbilia kusema kwamba kumuajiri mtu kwa siku ni unyonyaji na haifai. Si kweli, na tusiharamishe alichohalalisha Allah. Ijara, yaani mkataba wa kukodi manufaa ya mtu au ya kitu kwa malipo, inafaa kwa saa, kwa siku, kwa mwezi na kwa miaka. Mtume (s.a.w) mwenyewe, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, alieleza kwamba aliwachungia watu wa Makka mbuzi zao kwa malipo ya qirati. Kuli anayebeba robota kutoka kwenye kirikuu mpaka stoo ya ghorofa ya tatu kwa bei waliyokubaliana, akalipwa pale pale, hana tatizo lolote kisheria. Anayesukuma mkokoteni, anayeendesha guta, hali kadhalika.

Kinachoharibu mkataba ni kutojulikana. Ujira usijulikane, au kazi isijulikane, au muda usijulikane. Wanazuoni huita jahala. Imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a) kwamba Mtume (s.a.w) alikataza kumuajiri mtu mpaka abainishiwe ujira wake. Wapo waliousema upungufu katika sanadi ya hadithi hiyo, lakini maana yake imeshikwa na wanafiqhi, kwa kuwa ujira katika ijara ni kama bei katika biashara. Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo atakayechukua kontena bila kujua bei, akaambiwa "chukua tu, tutaelewana". Basi kwa nini jasho la binadamu mwenzake alichukue hivyo?

Rejea kisa cha Nabii Musa (a.s) katika Surat al-Qasas, kuanzia aya ya 26. Musa alikuwa mkimbizi Madyan, hana nyumba, hana ndugu, ana njaa. Hakuna mtu dhaifu kuliko yeye mbele ya mwajiri. Binti wa yule mzee akamshauri baba yake amuajiri, kwa kuwa ni mwenye nguvu na muaminifu. Mzee akataja malipo, ambayo ni kumuoza mmoja wa binti zake. Akataja muda, miaka minane. Akabainisha kwamba ikifika kumi hiyo ni hiari ya Musa. Akasema hataki kumtia mashakani. Musa naye akajibu kwa kuyarudia masharti na kumfanya Allah kuwa shahidi. Wafasiri wengi husema mzee huyo ni Nabii Shuayb (a.s), na wapo wanaolipinga hilo. Vyovyote iwavyo, angeweza kumwambia Musa "kaa hapa kwetu, ule, ulale, mengine tutaona", na Musa angeshukuru. Hakufanya hivyo.

Cha juu na mawinga

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naulizwa mara nyingi kuliko yote. Msaidizi wa duka au winga anaambiwa: kiatu hiki mimi nataka 18,000, ukiuza zaidi ya hapo ni chako. Akauza 25,000, akapata 7,000. Je, ni halali?

Jambo hili si geni katika fiqhi hata kidogo. Imamu Bukhari katika mlango wa ujira wa dalali, ndani ya kitabu cha Ijara, amenakili kutoka kwa Ibn Abbas (r.a) kwamba hakuona ubaya mtu kumpa mwenzake nguo auze kwa kiasi fulani, na kinachozidi kiwe chake. Imamu Ahmad amelichukua hilo. Imamu Abu Hanifa na Imamu Shafii walilichukia kwa sababu ya ile ile jahala: dalali hajui atapata nini. Sisi wengi wetu pwani hii ni wafuasi wa Shafii, lakini kauli ya Ibn Abbas ina nguvu na watu wana haja nayo, kwa hiyo sioni pa kuwabana mawinga, ilimradi mwenye mali amekubali na winga hamdanganyi mteja wa kutoka Lubumbashi kwamba duka ni lake na bei ni ya kiwandani.

Ila tazama vizuri ruhusa hiyo inahusu nini. Ni malipo ya kuuza. Kijana wangu wa Narung'ombe hauzi tu. Anafagia, anashusha mzigo, anapanga, analinda, anapeleka fedha benki, anakwenda kuchukua chakula cha tajiri. Siku ya mvua, wateja hawaji, amesimama saa kumi na moja akilinda mali ya watu na anarudi Mbagala kwa nauli ya kukopa. Kazi ya kuuza imekosa malipo kwa sababu hakuuza, sawa. Na hizi kazi nyingine nani anazilipa? Hizo ni ijara kamili, na ujira wake ni sifuri. Tajiri ameichukua ruhusa ya Ibn Abbas akaifunika juu ya kazi ambazo Ibn Abbas hakuzizungumzia.

Wengine husema huyu ni mshirika, tunagawana faida na hasara. Kama ni mudharaba basi tufuate hukumu zake: faida inagawanywa kwa sehemu iliyotajwa tangu mwanzo, na hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji. Hapa sehemu haikutajwa, hesabu za faida kijana haonyeshwi, na hasara inapotokea anaambiwa ailipe. Hiyo si mudharaba wala si ijara. Ni kuchukua kizuri cha kila mkataba na kumwachia mwenzako kibaya cha yote miwili. Surat al-Mutaffifin imeanza kwa onyo kwa wanaotaka kujazwa wanapopimiwa na watu, na wanapopima wao hupunguza. Tumezoea kuisoma aya hiyo kwa wauza mchele. Saa za kazi nazo hupimwa.

Jina si hoja, hoja ni hali

Mwezi Mei mwaka 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kuanzia tarehe 15, wakilalamikia kodi na namna inavyokusanywa, mpaka Waziri Mkuu akaja kuzungumza nao Mnazi Mmoja tarehe 17. Juni 24, 2024 maduka yakafungwa tena. Malalamiko yao yalisikika nchi nzima, na mengine yalikuwa na uzito. Lakini siku zile nilikutana na vijana wamekaa vibarazani wakisubiri. Hawakugoma wao. Duka limefungwa, cha juu hakuna, na hakuna aliyeuliza watakula nini.

Katika fiqhi swali hili lina jibu. Mwajiriwa ni wa aina mbili. Yupo wa wote, ajir mushtarak, kama fundi cherehani na kuli wa mkokoteni, ambaye hulipwa kwa kazi aliyoikamilisha na anaweza kuwafanyia watu wengi. Na yupo mahsusi, ajir khass, ambaye muda wake wote ameuzuia kwa mtu mmoja. Huyu wa pili wanazuoni wamesema anastahiki ujira kwa kujitoa na kuwa tayari katika muda wa mkataba, hata kama mwajiri hakumpa kazi ya kufanya. Amekuja, yuko tayari, mlango umefungwa na mwenyewe, ujira unabaki.

Najua jibu la matajiri. Watasema huyu ni wa siku kwa siku, deiwaka, jana yake ilikwisha jana. Kama kweli ni wa siku moja, wamesema sawa: kwa siku ambayo hamkuafikiana hakuna ujira. Lakini mtu aliyekuja kila siku miaka minne, mwenye funguo za duka, anayejulikana mtaa mzima kuwa ni "kijana wa fulani", anayeulizwa "jana ulikuwa wapi" akikosa siku moja, huyo ni deiwaka wa namna gani? Wanazuoni wana kanuni kwamba mikataba hutazamwa kwa makusudio na maana zake, si kwa matamshi peke yake, na kwamba jambo lililozoeleka katika desturi ya watu lina nguvu kama lililowekwa sharti. Kwa kanuni hizo mbili, kijana huyu ni ajir khass, tajiri apende asipende.

Na ajabu ni kwamba akili za watu wasiokuwa Waislamu zimefika pale pale. Mwezi Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva walioishtaki Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ingawa mkataba wao uliwaita watu waliojiajiri. Mahakama ilitazama nani anapanga nauli, nani anatoa masharti, nani anaweza kumfungia mwenzake kazi.

Sheria yetu wenyewe haiko mbali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake, saa zake na ujira wake, isipokuwa yule anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Na jambo ambalo wasaidizi wa maduka wengi hawalijui ni hili: likifika shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mwajiri hana maandishi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye, si mfanyakazi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kinga ya kuachishwa kazi bila haki humgusa aliyetimiza miezi sita kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au vipande vya mikataba, kwa hiyo ule ujanja wa kumwambia mtu "pumzika wiki, kisha rudi uanze upya" una mipaka yake. Anayeachishwa ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko, na wengi huzimaliza kwa kumbembeleza tajiri.

Sheria ni nzuri, ila haiendi yenyewe mtaa wa Kongo kugonga milango. Muislamu hasubiri mkaguzi wa kazi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat al-Baqarah, imekuja kuamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe, wala watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Ujira ambao haujalipwa ni deni. Leo kila duka lina daftari la madeni ya wateja, mpaka la jozi moja ya soksi. Deni la mwenye duka kwa kijana wake halina daftari.

Faida ya kuandika huonekana siku ya msiba. Novemba 16, 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, ghorofa liliporomoka pale Mchikichi na Kongo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Allah awarehemu. Mfanyakazi akifia au akiumia kazini sheria ya fidia ya mwaka 2008 inampa haki yeye au wategemezi wake kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini mjane anayetoka Lindi ataonyesha nini, kama jina la mumewe halikuandikwa popote isipokuwa katika simu ya tajiri, "Dogo Stoo"?

Kitu kikipotea dukani

Jambo hili nalitaja kwa ufupi ingawa linawaumiza vijana sana. Mzigo umehesabiwa, zimepungua jozi tatu, msaidizi anakatwa. Mkono wa ajir khass ni mkono wa amana. Halipi kilichopotea isipokuwa imethibiti kwamba amevuka mipaka au amezembea. Yaliyopokewa kutoka kwa Imamu Ali (r.a) kuwadhaminisha mafundi ni katika wale wanaopokea vitu vya watu wengi, mfano wa fundi nguo, si kijana wa dukani. Kumkata bila ushahidi ni kula mali yake kwa batili.

Na vijana nao wasome upande wao. Binti wa Madyan alitaja nguvu na uaminifu pamoja. Msaidizi anayempigia winga simu mteja aende duka la jirani ili wagawane, anayeandika mauzo pungufu, anayeondoka Ijumaa bila kuaga na funguo mfukoni, huyo naye ana hesabu yake. Kulipwa kidogo si fatwa ya kuiba. Nimewasikia wakisema "najilipa mwenyewe". Anayedai hajiteui kuwa kadhi wa deni lake.

Tusiwanyooshee kidole wafanyabiashara peke yao

Ingekuwa rahisi niishie hapo, wasomaji wangu wa Kariakoo wakasirike na wengine wafurahi. Lakini muulize muadhini wa msikiti wako analipwa nini. Muulize ustadhi wa madrasa ya mtaani, anayefundisha watoto 80 kuanzia alasiri mpaka magharibi, mshahara wake unategemea nini. Utaambiwa unategemea kilichopatikana kwenye kapu la Ijumaa. Akiugua, anachangiwa. Akizeeka, anaombewa dua. Michango ya hifadhi ya jamii ni asilimia 20 ya mshahara, ambayo nusu yake au zaidi ni ya mwajiri. Taja ni misikiti mingapi inawachangia maimamu wake NSSF. Mimi mwenyewe baada ya kumaliza Chuo Kikuu nilifundisha miaka miwili katika shule moja ya Kiislamu, ambayo sitaitaja, bila barua ya ajira. Kila nilipoiulizia niliambiwa kwamba ikhlasi yangu ni ndogo.

Ikhlasi ni baina ya mja na Mola wake, haiwi kisingizio cha kamati. Hata kuhusu kufundisha Qur'an, ambako wanazuoni wa mwanzo wa Kihanafi walizuia kuchukua malipo, waliokuja baadaye waliruhusu walipoona waalimu wanakosa riziki na elimu inapotea. Kamati ambayo imetumia mamilioni kwa marumaru ya mihrabu na haina mkataba na imamu wake haina la kumwambia tajiri wa Narung'ombe.

Huyu tajiri naye ana hoja, nazijua. Fremu zina kodi kubwa na kilemba juu yake, mamlaka za kodi zinabisha hodi, mzigo umekwama bandarini, mwezi mwingine hauzi kitu. Sheria ya Allah haimtaki alipe asichokuwa nacho. Inamtaka ataje. Aseme: kwa mwezi nitakupa kiasi hiki, hakipungui, kisichopungua chini ya kima kilichowekwa na serikali, na cha juu ni nyongeza yako. Tarehe ni hii. Mapumziko ni siku hii, na swala ya Ijumaa unakwenda, maana wakati wa faradhi haumo katika alichokinunua mwajiri. Karatasi moja, nakala mbili, saini mbili, shahidi mmoja au wawili. Kanzu ya Idi ikija baada ya hapo, hiyo ni hisani na malipo yake yapo kwa Allah. Ila kanzu hailipi mshahara. Aliyetoa sadaka kwa mtu anayemdai amempunguzia mwenzake haki yake na kuiita ukarimu wake.

Uzito wa jambo hili uko katika hadithi qudsi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a), katika Bukhari, inayowataja watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyeahidi kwa jina la Allah kisha akavunja. Wa pili ni aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemuajiri mtu, akaipata kazi yake kwa ukamilifu, kisha asimpe ujira. Ona amewekwa jirani na nani.

Ujira wa asiyepatikana

Nilipolieleza somo hili kwa mara ya kwanza darsani, mzee mmoja mfanyabiashara alinifuata kando baada ya Isha. Mwaka 2009 alikuwa na kijana aliyeondoka ghafla kwenda kwao, akiwa anadai miezi miwili, 150,000. Hakurudi na mzee hakumtafuta. Akaniuliza afanye nini sasa.

Nikamkumbusha hadithi ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jabali. Mmoja wao aliomba kwa amali ya kwamba kibarua wake aliondoka bila kuchukua ujira, naye akauzungusha ule ujira mpaka ukawa ni mifugo, na kibarua aliporudi baada ya muda akamkabidhi yote. Wanazuoni wamesema kilichomlazimu ni ule ujira wa asili, na hayo mengine yalikuwa ni wema wake. Kwa hiyo mzee analazimika 150,000. Kuongeza, kwa kuwa fedha hiyo ya mwaka 2009 si sawa na ya leo, ni katika ulipaji mwema, kama Mtume (s.a.w) alivyolipa ngamia aliyekuwa bora kuliko aliyemkopa. Ampeleke kwa mwenyewe. Akiwa amefariki, kwa warithi wake. Akikata tamaa kabisa baada ya kutafuta kikweli, aitoe sadaka kwa nia ya yule kijana, na siku akitokea ampe hiari ya kuiridhia au kulipwa.

"Kutafuta kikweli" ndiko kulikomsumbua. Miaka mingi imepita, akasema, atamtafutia wapi? Nikamuuliza anakumbuka nini. Anakumbuka jina la kijana, jina la baba yake, na kwamba alitokea kijiji kimoja cha Newala, karibu na shule ya msingi. Walioandikisha wapagazi wa mwaka 1916 wengi wao hawakuwa na hata hayo. Nikamwambia aanzie kwa mwenyekiti wa kijiji, na kama simu haipatikani, mabasi ya Newala yapo.

Wallahu a'lam.